Umecheza na Nani? Historia ya Namba za Kiwango katika Gemu za Mkononi

Mwaka 1984, katika Kituo cha Kompyuta cha Dorodnitsyn jijini Moscow, mtafiti Alexey Pajitnov alitunga mchezo wa maumbo yanayodondoka kutoka juu, ambayo mchezaji huyapanga chini yasiache pengo. Kompyuta yake, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha, kwa hiyo vitofali vyake alivijenga kwa alama za mabano. Kijana wa shule aliyeitwa Vadim Gerasimov, mwenye miaka 16, aliuhamishia mchezo huo kwenye kompyuta za IBM. Hapo ukapata rangi, ukaanza kusambaa kwa diski kutoka mkono hadi mkono. Miaka mingi baadaye Gerasimov alihamia huku Australia. Mchezo huo ni Tetris, na karibu kila gemu ya kupanga vitofali tunayoicheza leo ina deni kwake.

Tetris ya mwanzo ilikuwa kati ya mtu na mashine. Ukikamilisha mstari unapata pointi, vitofali vikijaa hadi juu umekwisha, unaanza tena. Pointi zilijibu swali moja tu: leo umefika wapi? Swali la pili, ambalo wacheza bao wa barazani wanalijua tangu zamani, lilibaki bila jibu: kati yako na yule, nani zaidi? Hii ni historia ya jinsi gemu za mkononi zilivyojaribu kulijibu kwa namba. Naiandika nikiwa Ingleburn, kitongoji cha kusini-magharibi mwa Sydney katika manispaa ya Campbelltown. Mahali hapa, palivyo mbali na dunia, panaonyesha vizuri jambo ninaloliamini: namba ya kiwango haimpimi mtu peke yake. Inampima pamoja na kundi alilofanikiwa kukutana nalo, na njia iliyowakutanisha.

Waya wa 1989

Nintendo ilitoa Game Boy nchini Japani mwezi wa Aprili 1989. Kilikuwa kifaa cha betri nne ndogo na skrini isiyo na rangi, kilichobuniwa na timu ya Gunpei Yokoi. Mfanyabiashara Henk Rogers, aliyefunga safari hadi Moscow kutafuta haki za Tetris kwa ajili ya kifaa hicho, aliwashawishi wakuu wa Nintendo wa Marekani wakiuze pamoja na Tetris. Hoja yake ilikuwa kwamba gemu hiyo ingewavuta watu wa rika zote, si watoto wa kiume peke yao. Mauzo yalithibitisha maneno yake: nakala zake zilifika mamilioni kwa makumi.

Kilichobadilisha mambo kwa wapenda ushindani ni waya mfupi. Game Boy mbili ziliunganishwa, na kila mchezaji akapanga vitofali kwenye skrini yake. Ukifuta mistari miwili kwa mpigo, mstari mmoja wa takataka ulichomoza chini ya vitofali vya mwenzako. Ukifuta mitatu, alipata miwili. Ukifuta minne, alipata yote minne. Hapo gemu ya kupanga ikageuka kuwa pambano, na ustadi ukapata maana mpya. Mtu mwenye pointi nyingi peke yake angeweza kushindwa na mtu mwenye haraka aliyejua lini ashambulie.

Lakini waya ule haukuweka kumbukumbu yoyote. Mashine ilihesabu ushindi wa kikao kile tu, na ulipozima, hesabu ikafutika. Sifa ilibaki midomoni mwa watu, mtaani na shuleni, namna ileile ambavyo sifa ya fundi wa bao hukaa kwa wale waliomwona akicheza. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt, aliyewafuatilia mafundi wa bao Zanzibar katika miaka ya 1990, alikuta ustadi mkubwa wa kukokotoa mbele, na mafundi hao walijuana kwa kuchezeana, bila daftari la namba.

Kwetu Afrika Mashariki, wengi walikutana na ushindani wa mkononi kupitia simu. Mwaka 1997 Nokia 6110 ilikuja na Snake, ile gemu ya nyoka anayekula na kurefuka, iliyoandikwa na Mfini Taneli Armanto. Simu hiyo iliweza hata kuunganisha wachezaji wawili kwa miale ya infraredi. Wengi wetu tuliijua gemu hii kwenye simu za Nokia zilizofuata, tukaicheza peke yetu na kushindania rekodi iliyohifadhiwa ndani ya simu moja. Ilikuwa fahari ya kweli, lakini ya nyumba moja. Rekodi ya simu iliyoko Tanga haikujua lolote kuhusu rekodi ya simu iliyoko Kisumu.

Hesabu ya profesa wa Milwaukee

Dawa ya tatizo hilo ilikuwepo tayari, ila ilikuwa kwenye sataranji. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria mwaka 1903, alikuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee, na mchezaji hodari. Shirikisho la sataranji la Marekani lilipokea mfumo wake mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, likaufuata mwaka 1970.

Wazo lake linaeleweka bila hisabati nzito. Kila mchezaji ana namba, na tofauti ya namba mbili inatabiri matokeo. Wakiwa sawa, kila mmoja anatarajiwa kupata nusu ya pointi. Tofauti ikiwa 200, mwenye namba kubwa anatarajiwa kupata takriban asilimia 76. Ikiwa 400, asilimia 91. Baada ya mchezo, matokeo hulinganishwa na utabiri. Tuseme kiasi cha juu kinachoweza kuhama katika mchezo mmoja ni 32. Mwenye 1500 akimshinda mwenye 1500 mwenzake, anapanda 16. Akimshinda mwenye 1700, anapanda 24. Akishindwa na huyo wa 1700, anashuka 8 tu, kwa kuwa hilo lilitarajiwa. Kwa hiyo mfumo haumpi mtu sifa kwa kuwaonea wanyonge, wala haumwadhibu sana anayethubutu kukabili wakubwa. Katika kushindana sijui hesabu nyingine iliyo fupi namna hii na yenye haki kiasi hiki.

Ila mfumo huo una sharti moja kubwa, na historia yenyewe imelifichua. Namba za Elo huwa na maana ndani ya kundi linalochanganyika. Claude Bloodgood, mfungwa katika jimbo la Virginia, Marekani, alicheza mfululizo na wafungwa wenzake hadi, katikati ya miaka ya 1990, namba yake ikapita 2700 na kumweka miongoni mwa wachezaji wa juu kabisa wa nchi nzima. Hesabu ilifuata kanuni, lakini kundi lilikuwa ndani ya kuta. Huko Myanmar, wachezaji waliocheza zaidi wao kwa wao walipata namba ambazo wengi hawakuweza kuzilinda walipokutana na wageni.

Upande wa pili wa jambo hilohilo tunaujua Afrika Mashariki. Kipaji kikifungiwa mahali pasipo mashindano ya nje, hakionekani kabisa. Phiona Mutesi alijifunza sataranji Katwe, Kampala, chini ya kocha Robert Katende. Aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010, na cheo cha kimataifa alikipata baada ya Olimpiadi ya Istanbul ya 2012. Ustadi wake aliupata nyumbani, lakini dunia ilianza kuuandika alipovuka mipaka na kukaa mezani na wachezaji wa mataifa mengine.

Namba zaingia mfukoni

Gemu za vitofali za mwanzo kabisa kwenye vifaa vya mkononi vya Nintendo DS na PSP hazikuwa na mlango wa dunia. Lumines, iliyotoka na PSP nchini Japani mwezi wa Desemba 2004, na Meteos ya DS, iliyotoka Machi 2005, ziliruhusu mapambano bila waya, ila kwa wachezaji waliokaa karibu. Mlango ulifunguliwa Novemba 2005, Nintendo ilipozindua huduma yake ya mtandaoni, Nintendo Wi-Fi Connection, bila malipo.

Mwaka uliofuata ikatoka Tetris DS. Mtu aliyekaa kitandani mwake aliweza kumpata mpinzani wa nchi nyingine ndani ya dakika chache, wakapambana, kisha akaona namba yake ikipanda au kushuka. Gemu hiyo ilitoa pambano la watu wawili, pambano la watu wanne lenye silaha za kurushiana, na aina iitwayo Push, ambayo wawili wanasukumana juu na chini kwenye uwanja mmoja. Mwaka 2007 ikafuata Planet Puzzle League, iliyouzwa Ulaya na Australia kwa jina la Puzzle League DS. Ilitokana na Panel de Pon, gemu ya Kijapani ya mwaka 1995. Mchezaji alikishika kifaa wima kama kitabu na kubadilisha vigae kwa kalamu. Aliweza kupambana na wageni wa dunia nzima, na pia kuzungumza kwa sauti na marafiki aliowasajili.

Ukizilinganisha gemu hizi kwa jicho la kiwango, tofauti zake zina uzito. Pambano la wawili ndilo linaloipa hesabu ya aina ya Elo uwanja wake halisi, kwa kuwa kila mchezo una mshindi mmoja na mshindwa mmoja. Pambano la wanne lenye silaha linaleta bahati, tena linaleta swali ambalo Elo hakulikusudia: aliyeshika nafasi ya pili kati ya wanne amemshinda nani, kwa kiasi gani? Jibu zuri lilitoka kwingine, katika maabara ya Microsoft mjini Cambridge, Uingereza, ambako Ralf Herbrich, Thore Graepel na wenzao walitengeneza TrueSkill kwa ajili ya Xbox 360. Mfumo huo hupokea mpangilio mzima wa washindani wengi, na kwa kila mchezaji huweka makisio ya ustadi pamoja na kipimo cha shaka. Wazo la kupima shaka lilikuwa limeletwa na mtakwimu Mark Glickman mwaka 1995 katika mfumo wake wa Glicko: mchezaji mpya, au aliyepotea muda mrefu, namba yake ina mashaka makubwa, kwa hiyo iruhusiwe kuhama haraka.

Bahati nayo ilipunguzwa kwa ubunifu. Katika Tetris za zamani, vitofali vilikuja kiholela, na mtu angeweza kungoja kile kirefu hadi akate tamaa. Kanuni za Tetris za miaka ya 2000 zilileta mtindo wa mfuko: katika kila vitofali saba, aina zote saba hutokea mara moja moja. Puyo Puyo, gemu ya mwaka 1991 ya kupanga matone, ilikuwa na njia nyingine: wachezaji wote wawili hupewa vipande vilevile kwa mfuatano uleule. Mambo haya mtu huyaona madogo, lakini ndiyo yanayoamua kama namba inapima akili na vidole au inapima bahati ya siku.

Saa za Ingleburn

Sasa tumweke mchezaji mmoja wa DS hapa Ingleburn mwaka 2006, wakati wa baridi, saa mbili usiku baada ya chakula. Anabonyeza kutafuta mpinzani yeyote duniani. Tokyo ni saa moja usiku, watoto wametoka shule na watu wazima wametoka kazini. London ni saa tano asubuhi, watu wako kazini. New York ni saa kumi na mbili alfajiri. Nairobi na Dar es Salaam ni saa saba mchana. Ametafuta dunia nzima, lakini saa zimeshamchagulia upande: wapinzani wengi walio macho na wenye nafasi ni Wajapani, watu waliolelewa na gemu hizi. Mwenzake wa Manchester mwenye ustadi uleule hukutana jioni yake na Ulaya. Wote wawili wanaweza kuonyesha namba moja, na namba hiyo ikawa na uzito tofauti kabisa, mpaka makundi yao yachanganyike vya kutosha.

Umbali nao una bei yake. Kutoka Sydney hadi Tokyo ni takriban kilomita 7,800. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya sehemu 78 za elfu za sekunde, hata kama mkongo ungenyooshwa kama uzi. Katika gemu za ngumi ucheleweshaji kama huo huharibu ladha. Gemu za vitofali ziliustahimili kwa sababu ya maumbile yake: vitofali vyako viko kwenye kifaa chako na vinakutii papo hapo. Kinachosafiri ni habari tu, kwamba umefuta mistari na mwenzako apokee takataka. Ndiyo maana gemu hizi zilifaa kuwa shule ya kwanza ya ushindani wa dunia kwa watu waliokaa mbali, sisi tukiwamo.

Udhaifu ulikuwepo, na wachezaji waliuhisi. DS ya kwanza ilielewa ulinzi wa zamani wa WEP tu, hivyo nyumba iliyoweka ulinzi bora kwenye modemu yake ilikifungia nje kifaa cha mtoto. Kulikuwa na waliotumia vifaa vya udanganyifu. Kulikuwa na walioona wanashindwa wakazima. Hili la kuzima ndilo gumu kuliko yote kwa mtunza namba. Ukimhesabu kila aliyekatika kuwa mshindwa, unamwonea mwenye mtandao mbovu. Usipomhesabu hivyo, unamfundisha mwoga kuchomoa. Seva haiwezi kuona nia ya mtu, na kwa hiyo mzigo wa kanuni humwangukia zaidi anayeishi kwenye mtandao dhaifu.

Mkongo ulipofika Mombasa

Na mtandao dhaifu ulikuwa wetu. Mwaka 2006, pwani yote ya mashariki ya Afrika kutoka Somalia hadi Msumbiji ilitegemea setilaiti kuufikia ulimwengu. Setilaiti hizo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe kupanda, kushuka, na jibu kurudi kwa njia ileile huchukua karibu nusu sekunde, na gharama yake iliwafanya watu wahesabu dakika katika vibanda vya intaneti. Mtoto wa Mombasa hakukosa akili ya kupanga vitofali. Alikosa njia ya kufika mahali ambapo akili hiyo ingeandikwa.

Mwezi wa Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliwashwa, ukiunganisha Mombasa, Dar es Salaam na miji mingine ya pwani na dunia. Mwaka huohuo TEAMS ukatoka Fujairah, kwenye Falme za Kiarabu, hadi Mombasa, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Mwaka 2022 ukakamilika mkongo wa Oman na Australia, kutoka Perth hadi ufuko wa Oman. Kwa Mswahili aliyeko Ingleburn mwenye ndugu Muscat na Mombasa, hii si habari ya mafundi peke yao. Kutoka Sydney hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 11,000, na sasa umbali huo unavukwa na mwanga chini ya bahari, kwa muda ambao gemu ya vitofali inaumudu bila shida.

Daftari lilipofungwa

Lakini njia ilipofunguka, daftari la kwanza lilikuwa karibu kufungwa. Tarehe 20 Mei 2014 Nintendo ilizima Wi-Fi Connection. Namba zote za Tetris DS na Planet Puzzle League, pamoja na nafasi ya kuzipigania, zilikoma siku moja. Mashabiki walijenga seva zao, Wiimmfi ikiwa maarufu kuliko nyingine, na baadhi ya gemu zikapumua tena. Aprili 2024 ikawa zamu ya 3DS na Wii U. Mchezaji wa sataranji aliyepata namba ya FIDE mwaka 1975 bado anaweza kuionyesha katika orodha zilizochapishwa. Mchezaji wa vitofali wa 2007 hana cha kuonyesha, ingawa jasho lilikuwa jasho.

Gemu zilizofuata zilichagua njia mbalimbali. Puyo Puyo Tetris, iliyofika Switch mwaka 2017, ilishika namba za kiwango na kuwakutanisha wapanga vitofali na wapanga matone ya Puyo uwanja mmoja. Tetris 99 ya mwaka 2019 iliwaweka watu 99 pamoja na kumpa mchezaji ngazi zinazopanda kadiri anavyocheza. Candy Crush Saga kwenye simu iliweka hatua za kuvuka. Ngazi na hatua zinapendeza, zinamtia mtu moyo. Lakini kitu kinachopanda tu hakikuambii kama umekuwa bora. Kinakuambia umekaa muda mrefu. Namba inayoweza kushuka inamheshimu mchezaji zaidi, kwa sababu inamwambia ukweli.

Mfano ninaoutaka uigwe uko kwenye sataranji ya simu. Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, haina matangazo wala malipo. Hutumia mfumo wa Glicko-2 na huweka alama ya kuuliza kwenye namba ambayo bado ina mashaka. Programu yake iko wazi, na michezo yake hutolewa hadharani kwa yeyote anayetaka kuikagua. Kijana wa Kampala mwenye simu ya kawaida anaweza kukaa humo usiku mmoja na mtu wa Sydney, na kumbukumbu yao haifungwi kwenye sanduku la kampuni moja.

Gemu za vitofali zinastahili hilo. Kampuni inayowaomba watu saa zao na ushindani wao ieleze jinsi inavyohesabu, ionyeshe shaka iliyomo katika hesabu hiyo, ieleze inavyowatendea waliokatika, na kabla ya kuzima seva iwakabidhi wachezaji rekodi zao. Na sisi tusingoje. Mombasa, Muscat na Ingleburn zimeunganishwa tayari. Vijana wa jamii zetu wakipanga ligi yao, wakachagua saa inayowafaa wote, wakaandika kila matokeo na kuwakaribisha wageni wenye nguvu kuliko wao, watakuwa na namba zenye maana, na daftari litakuwa mikononi mwao wenyewe.